Jaber, Karai na Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti 1958

Amewaka! Saa nne na dakika kumi asubuhi, teke la ishirini na tatu. Jaber ametoa moshi mweusi, kisha wa buluu, kisha hakuna moshi kabisa. Kuku wote wa mtaa wetu wa Bondeni wamepanda juu ya mabati. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Niandike kwa utaratibu, maana daftari ni jipya. Mimi ni Dalmas Omolo, miaka thelathini na tisa, fundi wa mitambo katika kiwanda cha unga hapa Nakuru. Pikipiki ya kwanza niliipanda nikiwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa ya padri, na padri hakujua mpaka aliponiona nimelala katikati ya viazi vyake. Vitani Burma nilipeleka barua za jeshi kwa pikipiki miaka mitatu. Mimi nilirudi mzima. Pikipiki nne hazikurudi. Tangu hapo sijakaa mwezi mmoja bila grisi kwenye kucha.

Jaber, yaani mrembo kwa Kijaluo, nimemuunda kutokana na pikipiki tano zilizokufa. Hii ni mara ya saba kumfungua na kumfunga upya. Kila mara hubaki nati chache mezani. Mwaka jana zilibaki tisa. Safari hii sita tu. Naendelea vizuri.

Jirani yangu Kiprugut alikuja kutazama. Yeye ni tarishi wa ofisi ya daktari wa ng'ombe, na amepewa pikipiki ya serikali, mpya, ya kijani, anayoipangusa kwa kitambaa kama mtoto aliyetoka kuoga. Alisikiliza Jaber akinguruma, kisha akasema sauti yake ni ya mtu anayetafuna mahindi makavu ndani ya debe. Nikamjibu kwamba yake hulia kama cherehani. Akasema hata hivyo cherehani hufika inakokwenda.

Mke wangu Awuor aliuliza ni lini meza itarudi kuwa meza. Nikamwambia Jumatatu. Sikutaja Jumatatu gani.

Jumatatu, 4 Agosti

Barua kutoka kwa mama mkwe. Awuor ameisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili polepole.

Kuna mwanamke alipita hapa Nakuru, akarudi Yala, akamwambia mama mkwe kwamba binti yake analala chumba kimoja na injini. Mama mkwe hajaamini. Kwa hiyo anakuja kujionea. Atafika kwa treni ya asubuhi Ijumaa tarehe kumi na tano. Atalala kwa Hezekiah, binamu yake Awuor, ambaye ni karani pale stesheni, kwa sababu kwa mila yetu mama hawezi kulala nyumbani kwa mkwe wake. Akikuta maneno ni kweli, atarudi Yala na Awuor na watoto wetu wawili, wakae huko mpaka mimi nikumbuke ni nani niliyemuoa.

Nilimuuliza Awuor kama kweli anaweza kwenda. Akasema atafikiri. Alikuwa anachekecha unga. Akatoa nati ndani ya chekecheo, akaiweka mbele yangu.

Nimekosa hamu ya chakula. Nimekula sahani mbili tu.

(Ile nati ni ya kifuniko cha klachi. Naitafuta tangu Juni. Nilificha furaha yangu.)

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata mpango, na ni mzuri sana.

Nimefikiri hivi. Mama mkwe hapendi pikipiki kwa sababu ni kitu cha mwanamume mmoja. Ikibeba familia itakuwa kitu cha familia, kama kitanda au sufuria, na hakuna mtu anayemnyang'anya mwenzake mke kwa sababu ya sufuria. Kinachohitajika ni kigari cha kufungwa ubavuni mwa Jaber. Na kigari ninacho, au karibu.

Rafiki yangu Micah hukamua ng'ombe katika shamba moja upande wa Njoro. Huko kuna karai la kuogea la bati, la mzungu aliyehama zamani, refu kama kitanda cha mtoto. Ng'ombe hunywea maji humo. Leo jioni baada ya kazi nilikwenda nikawatengenezea pampu ya maji, na msimamizi akaniambia nilichukue, kwani ng'ombe wenyewe hawalipendi.

Kulileta ndiko kulikuwa na shida. Nilijifunga nalo mgongoni, likanifunika kuanzia kichwani hadi kwenye kiti cha Jaber. Mbele nilikuwa naona vizuri. Nyuma, nasikia, watu walikuwa wanaona karai linakimbia peke yake. Mama mmoja wa Njoro alipiga ishara ya msalaba.

Nilikutana na Kiprugut akitoka kazini. Alisimama pembeni, akavua miwani yake ya vumbi, akaipangusa, akaivaa tena. Heri angenicheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Majaribio. Gurudumu la kigari nimelitoa kwenye toroli la kiwandani, kwa ruhusa ambayo nitaiomba Jumatatu. Ndani ya karai nimeweka mto wa magunia.

Awuor alikataa kupanda. Nilimweleza kuhusu uzito na mizani ya magurudumu matatu. Akasema maelezo ni mazuri, na hapandi. Micah akakubali, kwa kuwa ni mtu anayeamini watu. Alipanda na kofia yake ya Jumapili, akashika kingo mbili za karai, tukashika njia ya ziwani.

Maili tatu za raha tupu. Jaber anaimba, Micah anapungia watu mkono, watoto wanakimbia nyuma yetu. Nikasema moyoni, hata mfalme hasafiri hivi.

Kisha ikaja kona. Mimi nilikata kulia. Karai halikukata.

Lilikwenda moja kwa moja. Nilimwona Micah akinipita ubavuni, ameketi wima, mkono mmoja juu ya kofia, hana haraka usoni, anaelekea ziwani. Flamingo waliruka wote kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, mpaka mbingu ikawa ya waridi. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Karai lilisimama kwenye matope meupe, maji yakianza kuingia kupitia tundu la chini.

Nilimkuta Micah bado ameketi. Aliniambia kiti ni kizuri, ila siku nyingine angependa kuarifiwa mapema.

Nimechunguza chanzo. Nati mbili za fremu, pale karai linaposhikwa, zilikosekana. Zipo mezani, kati ya zile sita.

Jumapili, 10 Agosti

Tulipofika kanisani habari zilikuwa zimeshatangulia. Kiprugut alikuwa kando ya ziwa jana, akipeleka dawa za ng'ombe, na aliona kila kitu. Katika maelezo yake Micah alibatizwa mara ya pili. Hata mwinjilisti alishindwa kuzuia kicheko wakati wa matangazo.

Baada ya ibada Kiprugut alinifuata nje. Nilijiandaa kwa maneno. Badala yake alichuchumaa, akachukua kijiti, akachora mavumbini jinsi kigari kinavyotakiwa kushikwa: bamba la chuma, bolti tatu, siyo mbili, na ya tatu ipite chini ya injini. Mchoro ulikuwa sahihi kabisa. Nilikasirika sana.

Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nimepanga tangu mwanzo. Akasema vizuri, akafuta mchoro kwa kiatu.

Nimerudi nyumbani mbio na kuuchora hapa kabla sijausahau. Mchana nimefunga bamba la chuma na bolti tatu. Sasa hata tembo hawezi kulitoa lile karai. Nafurahi kwamba wazo hili limenijia.

Jumanne, 12 Agosti

Leo Awuor amesema, na kwa sababu hakupaza sauti nilimsikia vizuri.

"Dalmas, mama anafika baada ya siku tatu. Miaka sita nimemwandikia kwamba mume wangu ni fundi wa mitambo mikubwa, na kwamba tuna meza ya wageni. Sijamwandikia hata neno moja baya juu yako. Nataka aikute hiyo meza."

Nilitazama meza. Juu yake kulikuwa na kabureta mbovu, mnyororo, na mkate katikati. Nikatazama kitanda, ambacho mguu wake mmoja umeshikwa na gurudumu la akiba. Nikatazama watoto, wanaojua kutaja sehemu za injini kabla ya siku za juma. Niliona aibu ya kweli, siyo ile ya kawaida.

Nikaanza mara moja. Nimeisafisha meza kwa petroli. Imetakata. Sasa hatuwezi kuwasha taa karibu nayo, lakini imetakata.

Kuhusu Jaber, Kiprugut amejitolea tumlaze katika kibanda cha ofisi yao mpaka mgeni aondoke. Nimekataa. Angepata muda wa kumkagua, angeona kabureta imefungwa kwa waya wa uzio, na Bondeni nzima ingejua kabla ya chakula cha mchana. Nina mpango bora zaidi. Kitu kizima kinaonekana. Vipande havionekani.

Alhamisi, 14 Agosti

Kazi imekwisha. Jaber yuko katika nyumba kumi na moja.

Injini iko kwa mwinjilisti, chini ya kitanda, imefunikwa shuka. Tangi liko kwa Wangare, mama anayeuza githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mtaa wa pili, na ameliomba pia lile karai ili aloweke mahindi yake ya Jumamosi. Usukani umetundikwa kwa kinyozi na wateja wanautundikia makoti. Magurudumu sikumbuki yote, lakini wenyewe wanajua. Plagi, ambayo ndiyo roho ya pikipiki, sikumpa mtu. Nimeificha mwenyewe, mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kufikiria.

Nyumba yetu ni kubwa kumbe. Watoto wamekimbia ndani yake, jambo ambalo hawajawahi kufanya. Awuor alisimama katikati akasema inatoa mwangwi. Kisha akaweka maua kwenye kopo, akaweka kopo juu ya meza, akanishukuru kwa jina langu la ubatizo lote.

Nina furaha. Ila wakati wa kula mkono wangu wa kulia ulikuwa unasokota tonge la ugali kama mtu anayeongeza mwendo wa pikipiki barabarani. Awuor aliona akageuka kando. Nadhani alikuwa anacheka.

Ijumaa, 15 Agosti, saa tano asubuhi

Hezekiah amekuja kutoka stesheni akikimbia, bila tai. Mvua ya jana imeporomosha udongo juu ya reli kati ya Elburgon na Njoro. Treni imesimama Elburgon. Abiria watakaa hapo mpaka kesho jioni, labda kesho kutwa. Basi la upande ule limekwama kwenye matope ya Molo. Elburgon mwezi wa nane ni baridi ya kukata masikio, na mama mkwe ana kifua kibovu tangu mwaka juzi.

Awuor ameketi kwenye kiti kilichosafishwa. Kisha akasema, "Nenda umlete na Jaber."

Nikamwambia Jaber yuko katika nyumba kumi na moja.

Akavaa viatu.

Sina nafasi ya kuandika zaidi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mikono inauma, mgongo unauma, masikio bado yanavuma. Niandike yote ya jana kabla sijaanza kuyatia chumvi.

Awuor ndiye aliyekwenda mlango hadi mlango. Sijui aliwaambia nini. Nilichoona ni watu wanatokea kila upande wa Bondeni wamebeba Jaber. Mwinjilisti na kinyozi walileta injini kwenye shuka, kama mgonjwa. Wangare alimwaga mahindi yake yote kwenye sufuria za majirani, akalileta karai kichwani huku linadondosha maji. Mmoja aliniletea mguu wa kitanda, ambao si wangu, na mwingine gurudumu la cherehani, kwa moyo mwema. Taa ya mbele haikupatikana kwa matumizi: kuku wa Wangare alikuwa ameshataga yai ndani yake na hakutaka mazungumzo. Bomba la kuzuia kelele halikuonekana kabisa mpaka leo.

Saa sita akaja Kiprugut, kutoka kazini, na spana zake za serikali kwenye mfuko wa turubai. Akapiga magoti upande wa pili wa injini, tukaanza. Nimefanya kazi na mafundi wengi, jeshini na kiwandani. Sijaona mikono myepesi kama ya yule mtu. Nikinyoosha mkono, spana inayotakiwa iko tayari. Alifika kwenye kabureta, akaona waya wa uzio. Akanitazama. Nikatazama mawingu. Akaukaza ule waya mara mbili zaidi, tukaendelea.

Kufika saa nane kasorobo, Jaber alikuwa amesimama. Hakuna nati hata moja iliyobaki. Mara ya kwanza maishani mwangu!

Ndipo nikakumbuka plagi.

Niliificha mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kufikiria, na mimi ni binadamu. Nilitafuta kwenye Biblia, kwenye buti la jeshi, ndani ya mto, kwenye kibuyu cha maziwa. Watu kama arobaini walisimama wakiningojea. Awuor alikuwa amekunja mikono na macho yake yamejaa maji, na hapo nikaelewa kwamba hii si habari ya pikipiki tena. Kuna mama mzee ameketi kwenye benchi la stesheni, na mimi ndiye mkwe wake, na nimeificha roho ya pikipiki nikaisahau.

Kiprugut alitoka. Akarudi na plagi mkononi, ameichomoa kwenye pikipiki yake.

"Ni ya serikali," akasema. "Irudi kabla ya Jumatatu asubuhi."

Kisha akaenda kuisukuma pikipiki yake ya kijani mpaka kibandani kwa miguu. Nilimpenda yule mtu kutoka Bondeni mpaka Njoro, maili kumi na moja.

Teke la pili, Jaber aliwaka. Bila bomba la kuzuia kelele, wanasema alisikika hadi ukingo wa kreta ya Menengai, juu ya mji.

Elburgon nilifika saa kumi kasorobo, nimelowa mpaka mifupani. Mama mkwe alikuwa amesimama chini ya paa la stesheni, kitambaa cheupe kichwani, mwavuli kwapani, na kuku mweupe kwenye kapu. Hapo ikanijia shida ambayo sikuwa nimeifikiria. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani hivi hivi. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na kuzungumza ana kwa ana ni kukosa adabu. Tangu nimuoe Awuor tumesalimiana mara mbili, nyua mbili katikati. Sasa mimi nimekuja kumweka ndani ya karai.

Nilisimama ubavu ubavu nikatazama reli. Naye alitazama paa. Tulikaa hivyo mpaka mkuu wa stesheni akakohoa. Kisha mama mkwe akainama juu ya kapu na kuzungumza na kuku.

"Wewe kuku, muulize huyu bwana kama hiki ni chombo cha kusafiria au cha kunyweshea ng'ombe."

Nilimjibu kuku kwa heshima kwamba kimefanya kazi zote mbili.

Mama mkwe alimwambia kuku kwamba angalau huyu mtu hasemi uongo. Akafungua mwavuli, akaingia ndani ya karai kama mtu anayeingia kwenye kiti cha kanisa, akaweka kapu mapajani.

Nilianza polepole. Nilijua sina taa, na jua halinisubiri, lakini niliogopa kumtikisa. Tulipopita miti ya mwisho ya Elburgon nikasikia anamwambia kuku jambo. Nikapunguza kidogo mwendo ili nisikie. Alikuwa anasema marehemu mume wake alikuwa na baisikeli, na miaka ishirini alimbeba nyuma kwa mwendo wa punda, na yeye huko nyuma kila siku alitamani kumsukuma aende mbio.

"Mwambie aongeze," akamaliza.

Niliongeza.

Mwavuli uligeuka ndani nje, yeye akautupa. Kitambaa kilipeperuka, akakikamata kwa meno. Kwenye tope la kabla ya Njoro, pale udongo ulipoporomoka, wafanyakazi wa reli waliacha majembe wakatupigia makofi. Tulilipita lori la magogo. Tukapita gari dogo la mzungu, ambaye alitukodolea macho mpaka akaingia kwenye majani. Na kila tulipopita kitu, mama mkwe alimpa kuku taarifa kamili. Bolti tatu hazikutikisika hata mara moja. Ni wazo langu zuri kuliko yote.

Baada ya Njoro barabara inashuka na bonde lote linafunguka. Mvua ilikuwa imekatika. Ziwa lilikuwa kule chini, kingo zake za waridi, jua limelala juu yake. Nilisikia sauti ubavuni, nikadhani kifua chake kimeanza. Nikageuka, nikamtazama usoni kabla sijakumbuka mila. Alikuwa anacheka. Mama wa miaka sitini na kitu, grisi kwenye shavu, amemkumbatia kuku, anacheka kama msichana wa kisimani. Nami nikacheka. Tulicheka hadi mjini, tukiwa tumetazama kila mmoja upande wake kwa adabu.

Tuliingia Bondeni mwanga ukiwa bado upo. Watu wote walikuwa barabarani. Awuor alikimbia akamkumbatia mama yake ndani ya karai, na wote wawili walilia, na mimi nilijishughulisha na breki.

Kabla Hezekiah hajampeleka kwake, mama mkwe alitazama nyumba yetu kupitia mlangoni: meza, maua, sakafu iliyofagiliwa. Akamuuliza Awuor pikipiki hulala wapi. Awuor alinitazama. Nikaona anatafuta la kusema, na nikaona pia kwamba alikuwa tayari kudanganya kwa ajili yangu. Akasema huwa inalala nje.

Mama mkwe akashangaa. Nje, kwenye baridi hii? Baada ya kazi yote ile? Akasema mtu mwenye akili angeiingiza ndani.

Jumatatu, 18 Agosti

Jana baada ya ibada niliwapeleka mama mkwe na Awuor ziwani, wote wawili ndani ya karai, wakitazamana, magoti yamegusana. Miaka sita Awuor alikataa. Jana aliniomba nizunguke mara ya pili, kisha ya tatu. Alipiga kelele kwenye kila kona, na kwenye kona ya nne alisimama. Alisimama kabisa, mikono juu, mama yake amemshika sketi! Flamingo hawakuruka. Nadhani wametuzoea.

Plagi yangu imeonekana. Niliiweka kwenye kopo, na Awuor aliweka maua juu yake. Leo alfajiri nilimrudishia Kiprugut plagi yake. Kwa kusema kweli nilimrudishia ile ya kwangu, kwa sababu Jaber anaipenda sana ile ya serikali, na zinafanana. Aliifunga kwenye pikipiki yake, akaenda hatua kumi, akasimama, akasikiliza mlio, akarudi amenyoosha mkono. Nikampa ile yake. Hakukasirika. Aliniambia akiwa na nafasi Jumapili tutaangalia kabureta pamoja. Nimemwambia nitaona. Simwamini. Ana spana nzuri mno.

Mchana, mbele ya mama yake na Hezekiah, Awuor ametangaza uamuzi. Jaber atalala ndani, kwenye kona, juu ya gunia safi. Meza itabaki meza. Na mimi niahidi, watu wakisikia, kwamba hakuna pikipiki nyingine, nzima wala iliyokufa, itakayopita mlango huu maadamu yeye ni mke wangu. Niliahidi kwa moyo wote. Nilishika hata Biblia. Mama mkwe alimwambia kuku kwamba sasa anaweza kurudi Yala kwa amani. Nilikuwa na machozi. Mtu anajifunza akiwa na umri wowote, na mimi nimejifunza.

Saa tisa Micah alipita na maziwa. Anasema kuna shamba Subukia, bohari linabomolewa, na ndani wamekuta pikipiki ya zamani ya silinda mbili, imeoza nusu, injini imeshikana kama jiwe. Watampa yeyote atakayekuja kuiondoa kabla ya Jumamosi. Silinda mbili! Micah amekubali kupanda karai kwenda kuichukua. Ameniomba tu nimwarifu kabla ya kona.

Ahadi ni ahadi. Mlangoni haitapita.

Nimepima dirisha. Usukani ukitolewa, inaingia.